Bahasha Yenye Kidirisha

Tarehe 28 Julai 2017 kampuni ya bima ya Aetna ya Marekani iliwaandikia barua wanachama wake 11,887. Barua yenyewe haikuwa na ubaya: iliwaeleza njia walizonazo za kupata dawa zao, dukani au kwa posta. Ubaya ulikuwa kwenye bahasha. Ilikuwa na kidirisha cha kuonyesha jina na anwani, na chini ya anwani yakaweza kusomeka maneno yaliyotaja dawa za virusi vya Ukimwi. Mpeleka barua aliweza kuyasoma, na mwenye nyumba, na mpangaji mwenza, na ndugu aliyetangulia kufungua sanduku la barua. Baadhi ya walioandikiwa hawakuwa hata na virusi. Walikuwa wakimeza PrEP, dawa ya kujikinga navyo. Kwa jirani anayechungulia kidirisha hiyo haikuwa tofauti yoyote. Kibaya zaidi, barua hizo zilitumwa katika kumaliza kesi zilizofunguliwa mwaka 2014 na 2015 na wanachama waliolalamika kwamba kulazimishwa kupokea dawa za VVU kwa posta kunahatarisha faragha yao. Tiba ya kosa ikalirudia kosa lenyewe, tena kwa posta ileile.

Likimpata mtu jambo kama hili kwetu, ataambiwa maji yakimwagika hayazoleki. Atalisikia neno hilo kwa jamaa wanaomtakia mema, na atalisikia pia, kwa maneno ya kiofisi zaidi, kutoka kwa kampuni: tumepokea malalamiko yako, tunasikitika, tumechukua hatua ili lisijirudie. Methali hiyo ni ya kweli kwa maji. Siri humwagika namna nyingine. Hutoka kwenye bahasha ikaingia katika jicho moja, kutoka jicho hilo ikafika mdomo mmoja, na kutoka mdomo huo ikaenda sikio la mtu wa tatu. Kati ya hatua na hatua kuna saa, mara nyingine siku. Baruapepe iliyokwenda kwa mwajiri saa tatu asubuhi huenda isifunguliwe mpaka mchana. Ripoti iliyofika kwa dalali wa bima huenda ikakaa wiki nzima bila kuguswa. Kwa hiyo swali la nini kifanyike bima inapotoa siri ya mgonjwa kwa makosa ni, kabla ya yote, swali la saa ngapi zimepita na ni watu wangapi wameiona. Tatizo ni kwamba karibu kila mhusika, kuanzia kampuni hadi sheria hadi mwathirika mwenyewe, hutumia saa hizo za kwanza kwenye jambo jingine: kutafuta kama kulikuwa na nia mbaya.

Nia mbaya kwa kawaida haipo, na hapo ndipo neno “makosa” linapofanya kazi isiyo yake. Likishatamkwa, mjadala hulegea, kana kwamba kilichotokea ni sawa na mvua ya ghafla. Lakini tazama mwaka wa Aetna. Mwezi Aprili 2017 kampuni hiyohiyo iligundua kuwa nyaraka za wanachama 5,002 zilikuwa zikionekana mtandaoni bila kuhitaji nywila. Julai zikaja bahasha za kidirisha. Septemba zikatumwa bahasha nyingine kwa watu 1,600, na juu yake pamechapishwa jina na nembo ya utafiti wa ugonjwa wa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Matatu ndani ya miezi sita. London nako, kliniki ya 56 Dean Street ilituma jarida lake mwezi Septemba 2015 kwa watu 781, wengi wao wanaoishi na VVU, na kila mmoja akaweza kuona anwani za wenzake wote. 730 kati ya anwani hizo zilikuwa na majina kamili. Mdhibiti wa taarifa wa Uingereza alipoichunguza taasisi inayoiendesha kliniki hiyo alikuta kosa la aina hiyohiyo lilishatokea Machi 2010, kwa wagonjwa 17, na hatua zilizochukuliwa wakati ule zilikuwa nusunusu. Faini ikawa pauni 180,000. Kosa linalojirudia lina njia yake, na njia hiyo kuna aliyeichora.

Afrika Mashariki bahasha za kidirisha ni chache, lakini njia ni nyingi. Mgonjwa akitibiwa kwa kadi ya bima, fomu ya madai hubeba jina lake, namba yake ya uanachama na utambuzi wa ugonjwa. Inatoka hospitali, inapita kwa wakaguzi wa madai, pengine kwa kampuni ya kandarasi inayosimamia mpango huo kwa niaba ya bima, na muhtasari wake unaweza kumfikia dalali na mwajiri anayelipa michango. Ujumbe mfupi wa simu huenda kwa mwanachama mkuu, ambaye si lazima awe ndiye aliyetibiwa: baba hupata habari ya kliniki aliyokwenda binti yake wa miaka 22, mke hupata habari ya vipimo vya mumewe. Wengine hujiliwaza kwamba ugonjwa huandikwa kwa msimbo tu. Msimbo wa B20 katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ni wa VVU, na F32 ni wa sonona. Yeyote mwenye simu na intaneti huujua kwa nusu dakika. Hata ripoti ya matumizi isiyo na majina husema mengi kuliko inavyokusudia. Katika kampuni yenye wafanyakazi 30, mstari unaosema mwanachama mmoja wa kike ametumia dawa fulani kila mwezi tangu Januari hauhitaji jina. Afisa rasilimali watu atahesabu wanawake, ataangalia nani huomba ruhusa ya kwenda kliniki, na kazi imekwisha.

Basi mwenye siri afanye nini siku anapogundua? Cha kwanza ni kutotupa ushahidi. Bahasha ipigwe picha ilivyokuja, kabla haijafunguliwa kama inawezekana. Ujumbe wa simu usifutwe. Na pembeni yaandikwe tarehe, saa, aliyeileta, na waliokuwepo. Hasira humsukuma mtu kuusambaza ujumbe huo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili kila mtu aone alivyotendewa, na hapo mkono wake mwenyewe unaingia katika mnyororo wa uvujaji. Baada ya hapo aandike, asipige simu tu. Simu humalizika kwa “pole sana, tutalifuatilia”, na kesho aliyeipokea yuko zamu nyingine. Barua au baruapepe iende kwa dawati la malalamiko na kwa afisa wa ulinzi wa taarifa wa kampuni, na iulize mambo yasiyoweza kujibiwa kwa pole: ni taarifa gani hasa zimetoka, zimekwenda kwa nani kwa jina, saa ngapi, kupitia mikono ya nani, na nani kati ya hao amekwisha kuzifungua. Iagize pia kwamba kila aliyepokea kimakosa atakiwe kuzifuta na kuthibitisha kwa maandishi, na kwamba nakala ya uthibitisho huo imfikie mlalamikaji kabla ya siku inayotajwa. Kama taarifa zilikwenda kwa mwajiri, kampuni imwandikie mwajiri kuwa alipokea kitu asichostahili, asikitunze wala kukitumia katika uamuzi wowote. Barua hiyo ya kusahihisha isirudie siri yenyewe. Linaonekana dogo, lakini barua ya kuomba radhi inayotaja ugonjwa kwa mara ya pili ni uvujaji wa pili.

Sehemu kubwa ya matumaini ya kuzoa maji iko kwa mtu ambaye hajatajwa sana katika mijadala hii, yaani aliyepokea asichotumiwa. Huyu hana kosa mpaka hapo, na uamuzi wake wa dakika tano zinazofuata ndio unaopima madhara. Akiacha kusoma mara tu anapoona jina si lake, akamjibu mtumaji, akafuta na kuandika kwamba amefuta, siri imefika kwa mtu mmoja tu. Akiipeleka kwa bosi “kwa taarifa”, imefika kwa wawili na imeanza kupewa mamlaka ya kiofisi. Kliniki ya Dean Street, kwa makosa yake yote, siku ileile iliwaandikia wapokeaji kuomba radhi na kuwataka waufute ujumbe. Haikuwezekana kuhakikisha wote wamefuta, lakini ombi lililokuja siku hiyo lilimkuta mpokeaji bado hajaamua cha kufanya. Ombi linalokuja baada ya miezi miwili humkuta amekwisha kusimulia.

Sheria nazo zinapimaje saa hizi? Marekani, kanuni zilizotokana na HIPAA, sheria ya mwaka 1996, zinaitaka kampuni imjulishe mgonjwa bila ucheleweshaji usio na sababu na kwa vyovyote ndani ya siku 60. Kenya, kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mchakataji aliye chini ya kandarasi saa 48 kumwambia mwenye mamlaka juu ya data, na kumpa huyo saa 72 kumwambia Kamishna wa Data. Lakini mwenye taarifa, yule ambaye jina lake liko kwenye ripoti, aambiwe ndani ya muda unaowezekana kwa busara. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji aiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema iwezekanavyo. Ukizisoma pamoja unaona mwelekeo mmoja: hakuna hata moja inayomhesabia mgonjwa saa, na Kenya, inayohesabu saa, inaihesabia ofisi ya serikali, huku mgonjwa akiachiwa busara. Mpangilio huu umegeuzwa kichwa chini. Kamishna hawezi kumpigia simu mama mkwe wa mgonjwa kabla hajasikia mtaani. Hawezi kukaa na mwenza wa mgonjwa jioni hiyo na kumweleza mwenyewe kabla mwingine hajamweleza vibaya. Mwenye siri anaweza, na ni yeye peke yake anayejua ni mlango gani siri hiyo ikifika itavunja nyumba. Kampuni inayotumia siku tatu za kwanza kushauriana na mawakili jinsi ya kuandika taarifa kwa mdhibiti, huku mgonjwa hajui kitu, imetii sheria na imepoteza muda wenye thamani kuliko wote.

Yapo mapingamizi kwa haya yote, na la kwanza ni zito. Wengi watasema kulalamika ndiko kutakakoitangaza siri: ilijulikana na watu watatu, sasa itajulikana na karani wa Tume, wakili, mahakama na magazeti. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo inayoyafanya makosa mengi ya aina hii yazikwe kimya. Hata hivyo kuna njia za kudai bila kujianika. Mlalamikaji aliyeongoza kesi dhidi ya Aetna, iliyofunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania Agosti 2017, alitumia jina la bandia la Andrew Beckett, mhusika mkuu wa filamu ya Philadelphia, wakili anayefukuzwa kazi kwa sababu ya Ukimwi. Kesi ikafika mwisho kwa makubaliano. Kenya ina tribunali maalumu iliyoanzishwa chini ya sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2006, na sheria hiyo pamoja na ile ya Tanzania ya 2008 zinaufanya usiri wa majibu ya vipimo kuwa wajibu wa kisheria. Malalamiko kwa Kamishna wa Data wa Kenya hayahitaji wakili, na yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Anayelalamika anaweza pia kueleza aina ya uvujaji bila kueleza undani wa ugonjwa: “ripoti yenye utambuzi wa maradhi yangu ilitumwa kwa mwajiri wangu” ni sentensi inayotosha kuanzisha uchunguzi. Afisa atakayehitaji zaidi ya hapo aeleze kwa nini.

Pingamizi la pili ni la kwetu hasa, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Linasema siri ya ugonjwa Afrika si mali ya mtu mmoja. Anayeumwa anauguzwa na ukoo, anachangiwa, anapelekwa na kurudishwa. Na kwa bima ya kazini, baba au mwajiri ndiye anayelipa. Kuna ubaya gani mlipaji akijua analipia nini? Lakini mila hiyo yenyewe ina utaratibu. Habari ya ugonjwa humfikia mjomba au shangazi kwa sababu mgonjwa, au aliye karibu naye kabisa, amechagua mjomba yupi na shangazi yupi. Bima iliyomtumia mwanachama mkuu ujumbe haikuuliza. Imemnyima mgonjwa nafasi ya kusema mwenyewe, na kukiita kitendo hicho mila ni kuisingizia mila. Mlipaji naye anahitaji kujua kiasi, tarehe na kwamba huduma imo katika mkataba. Hitaji la kujua jina la ugonjwa halitokani na risiti. California ililiona hili: tangu Januari 2015 sheria yake imempa mtegemezi aliye katika bima ya mzazi au mwenza haki ya kutaka taarifa za huduma nyeti zitumwe kwake moja kwa moja, na mwaka 2022 haki hiyo ikapanuliwa. Hakuna kinachozuia bima zetu kubadili namba inayopokea ujumbe. Namba ya simu ya mtegemezi inaweza kuandikwa kwenye fomu ya kujiunga.

Lipo na toleo la kitaalamu la pingamizi hilo: waliopata taarifa ni watu wa kazi, daktari wa kampuni au afisa aliyekula kiapo, kwa hiyo hazijatoka nje. Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini ililijibu mwaka 1993. Mtu mmoja aliomba bima ya maisha, bima ikataka kipimo cha VVU, majibu yakafika kwa daktari wake, na daktari aliyekuwa ameahidi kutunza siri akawaambia daktari mwenzake na daktari wa meno wakiwa wanacheza gofu. Wote walikuwa wanataaluma. Mahakama ikasema taaluma yao haikuwapa haki ya kujua, kwa kuwa hawakuwa wakimtibu. Fidia ilikuwa randi 5,000, na mwenye kesi alikuwa amekwisha kufariki. Hukumu ilikuwa sahihi, fidia ilikuwa ndogo, na muda ulikuwa umekwisha. Mambo matatu ambayo hukutana mara nyingi mno katika kesi za namna hii.

Pingamizi la tatu halinichukui muda. Kampuni itaonyesha fomu ya kujiunga, mahali mwanachama alipotia saini akikubali taarifa zake “zitumiwe na washirika kwa madhumuni ya bima”. Idhini ya kuchakata madai haiwi idhini ya kuyaanika. Sheria ya Kenya inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari, na kwa jambo mahususi, na hakuna mtu aliyewahi kutia saini fomu akikusudia kidirisha cha bahasha.

Nimeacha fedha mpaka hapa kwa makusudi. Januari 2018 Aetna ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 17 kumaliza kesi ya wanachama. Waliotumiwa bahasha walipata angalau dola 500 kila mmoja bila kuhitaji kuthibitisha lolote, na walioweza kuonyesha madhara zaidi waliruhusiwa kudai hadi dola 20,000. Jimbo la New York likachukua dola milioni 1.15, California dola 935,000, majimbo mengine yakafuata, na Oktoba 2020 wizara ya afya ya shirikisho ikatoza dola milioni moja kwa matukio yote matatu ya mwaka 2017. Jumla inapita dola milioni 20. Utaratibu wa kulipa kiwango cha chini bila ushahidi una busara: unakubali kwamba kutoka kwa siri ni dhara lenyewe, hata kama mtu hakufukuzwa kazi wala nyumba. Kenya nayo iko mbele ya Marekani katika jambo moja, kwani kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa mwathirika haki ya fidia moja kwa moja na kuhesabu maumivu ya moyo kuwa hasara, ilhali HIPAA haimpi mgonjwa haki ya kushtaki kwa jina lake. Lakini anayepewa fedha kwa haraka awe na tahadhari. Unafuu wa mchango wa mwaka au hundi ndogo ya kufuta machozi inaweza kuja na karatasi inayosema “sina dai lingine lolote”, na ikitiwa saini wiki ya kwanza, kabla hajajua siri imefika wapi, anakuwa ameuza asichokijua bei yake.

Tena fedha si amri pekee ambayo mahakama inaweza kutoa. Februari 2015 serikali ya Kenya iliagiza kukusanywa takwimu za watoto wa shule wanaoishi na VVU, na fomu zikaunganisha majina na hali zao. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 mahakama ilisema agizo hilo lilivunja haki ya faragha, na haikuishia kutangaza kosa: iliipa serikali siku 45 kuyageuza majina hayo kuwa misimbo, ili nyaraka zisimhusishe mtoto na ugonjwa. Hayo ni maji yanayozolewa. Wakili wa mwathirika wa bima angepaswa kuanza na amri ya namna hiyo, ya kufuta, kurudisha, kuzuia matumizi, na fidia ikafuata nyuma. Mawakili wetu huanza na fidia kwa sababu ndiyo inayolipa ada. Si dhambi, lakini mteja ajue mpangilio anaouhitaji.

Linabaki pingamizi la kampuni za bima zenyewe: adhabu kubwa itapandisha michango, na itawafundisha wafanyakazi kuficha makosa badala ya kuyaripoti. Nusu ya pili ina ukweli. Karani aliyetuma ripoti kwa anwani isiyo yake na anayejua atafukuzwa atanyamaza, na ukimya wake ndio unaokula zile saa za kwanza. Kwa sababu hiyo adhabu isilenge kosa kwa ukali uleule kama inavyolenga kuchelewa. Aliyekosea saa nne akasema saa tano anastahili kulindwa na mwajiri wake. Kampuni iliyojua Jumatatu ikamwambia mgonjwa mwezi unaofuata inastahili adhabu nzito. Kuhusu michango kupanda, ulinganisho ni rahisi. Kuziba kidirisha cha bahasha, kutenganisha ripoti ya gharama na ripoti ya magonjwa, na kuzuia muhtasari wa kundi dogo usitoke kabla ya kuunganishwa na makundi mengine ni kazi za wiki chache za ofisi. Zaidi ya dola milioni 20 ndizo zilizokuwa ghali.

Viwango vyetu vya adhabu, hata hivyo, bado havijaamua vinataka nini. Tanzania, kampuni inayotiwa hatiani kwa kutoa taarifa isivyo halali hutozwa kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5, upana ambao karibu hausemi kitu mpaka mahakama zianze kuujaza kwa hukumu. Kenya imekwisha kuonyesha kuwa ofisi ya Kamishna inaweza kuuma: Septemba 2023 iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini kifungu cha 63 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema faini isizidi shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kiwango kilicho cha chini kati ya hivyo viwili. Kampuni ya bima yenye mapato ya mabilioni, ikimwaga siri za maelfu, inakabiliwa na dari inayokaribiana na faini ya shule ile.

Wabunge wa Nairobi wanaweza kubadili neno moja hapo, “cha chini” kiwe “cha juu”, na wakiwa bado wamelifungua daftari waandike katika kifungu cha 43 kwamba mwenye taarifa naye ahesabiwe saa 72, asiachiwe busara ya aliyemkosea. Tanzania, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi Aprili 2024 na sheria yake ingali changa. Wakati wa kudai saa hizo ni sasa. Wewe uliye na kadi ya bima mfukoni huna haja ya kuwasubiri. Wiki hii waandikie uulize mambo mawili: ujumbe wa matibabu yako unakwenda kwenye simu ya nani, na mwajiri wako hupelekewa ripoti yenye safu zipi. Jibu lao litunze.